Kadi Yenye Midomo Minane

Mdomo mmoja ndani, minane nje: ni nini? Msijisumbue, jibu ninalo. Ni kadi iliyokuwa ndani ya kompyuta ya kiwanda kimoja cha chai upande wa Mogogosiek, mwaka wa tisini na tano. Kompyuta ilikuwa moja tu, ya Unix, na kutoka kwenye kadi hiyo nyaya nane zilikwenda kwa skrini nane: ya mizani, ya stoo, za ofisini. Mchana huo zote nane zilikuwa nyeusi.

Na sheria ya pale ilikuwa kali. Mizani ikikwama, geti linafungwa. Hatoki lori wala mtu, majani yasije yakapotea kabla ya kupimwa.

Chepchirchir, mtunzaji wa kompyuta, akatazama saa. Saa nane. Saa kumi wazee wa kina Kimutai, mpenzi wake, wangekuwa nyumbani kwa babake, ng'ambo ya bonde, wamekuja koito, kumposa. Mara ya kwanza walimkosa, yuko kazini, na babake akawaomba radhi. Leo angeitwa ajibu kwa kinywa chake kama wageni anawajua, na kuwajua ndiko kukubali. Asipokuwepo tena, wangesema amekataa.

"Bwana Osoro, nifungulie geti mimi tu. Kesho nitakuja alfajiri."

"Nikufungulie wewe, nao madereva niwaambie nini?" meneja akasema. "Tengeneza kwanza, msichana wangu."

Chepchirchir akabadilisha nyaya. Bure. Akazima kompyuta, akaiwasha, akangoja ikikagua diski zake polepole kama mama mkwe anayekagua sufuria. Kwenye skrini yake mwenyewe, isiyotegemea kadi, likaja neno: kadi haionekani.

Huko nje malori yalipiga honi. Majani yalikuwa yameanza kupata moto ndani ya magunia.

"Lakini mbona chumba hiki kina joto hivi?" akamuuliza meneja.

"Si nilihamisha kompyuta ulipokuwa likizo? Kule kulikuwa na ukungu. Hapa nyuma ya ukuta ni kikaushio. Ukungu si unaharibu chai?"

"Kwani hii unataka kuikausha uipakie?"

Akazima, akafungua kifuniko, akaigusa kadi vile wanavyogusa majani kujua kama yamenyauka. Upande mmoja ulikuwa umeinuka. Joto la mchana na baridi ya usiku vilikuwa vimeisukuma kidogo kidogo, na tundu la skrubu lilikuwa limelegea. Akaibonyeza kwa kidole, akawasha.

"Imekuja!" Phelis wa mizani akapiga kelele.

Akaachilia. Zikazimika. Akakunja karatasi, akaibana pale, ikaanguka. Ni kidole tu kilichoiweza.

Saa tisa. Geti likafunguliwa, lori la kwanza likapimwa, likatoka. Chepchirchir aliliona dirishani, amepiga magoti, mkono ndani ya mashine. Kiwanda kizima kilikuwa huru isipokuwa yeye. Malori kumi na moja yalikuwa yamebaki.

"Bwana Osoro! Njoo uone kitu."

Meneja akaja, akainama.

"Weka kidole hapa. Bonyeza. Ongeza kidogo."

"Hivi?"

"Hivyo hivyo. Usitoe."

Akatoa chake polepole. Skrini zikabaki zinawaka. Akachukua sweta.

"Wewe! Unaenda wapi? Nikae hivi mpaka lini?"

"Mpaka lori la mwisho, mzee."

"Nitakuandikia barua ya onyo!"

"Kwa mkono upi?"

Akapita getini akikimbia, akateremka katikati ya michai, sketi imelowa mpaka magotini. Alipofika nyumbani, mzee wa wageni alikuwa ameshasimama, kofia kichwani, na babake anatazama chini.

"Unatujua sisi?" mzee akauliza.

Chepchirchir akamsogezea kigoda.

"Nawajua," akasema. "Kaeni."