Matete ya Mugutha

Mwaka wa 1996 serikali ilifunga kiwanda kidogo cha dawa pale Ruiru. Maji yake machafu yalikuwa yakiingia mtoni, na watu wa Mugutha walikuwa wameandika barua kulalamika. Kiwanda kilipewa miezi miwili kuyasafisha, la sivyo kisifunguliwe tena.

Kulthum alikuwa akipakia vidonge hapo. Binti yake, Firdaus, alivimeza kila siku kwa sababu ya kifafa. Punde si punde maduka ya Thika yakabaki na vya ng'ambo tu, bei mara sita. Kulthum akaanza kumkatia nusu. Wiki hiyo Firdaus alianguka mara mbili.

Kulthum akaenda Mugutha kwa Kavindu, aliyeandika ile barua.

"Mama, nakuomba uifute. Mtoto wangu anaumia."

Kavindu alimpeleka mtoni, akamwonyesha povu la manjano. "Ng'ombe wangu wawili walikufa kwa maji haya. Wajukuu wangu wanayachota. Ungekuwa mimi, ungenyamaza?"

Kulthum akageuza uso, na hapo akaona mfereji wa maji ya kuoshea kahawa ukiingia kwenye matete upande mmoja mweusi tititi, na kutoka upande wa pili ukiwa safi.

"Matete huchuja," Kavindu alisema. "Hata mama yangu alijua."

Kulthum alirudi Ruiru mbio. Mwongeli, mkemia wa kiwanda, alikuwa amechimba mabwawa matatu ya kusafishia maji, lakini maji machafu aliyoyatoa kwenye matangi ya kiwanda na kuyapitisha humo bado yalinuka. Alimsikiliza, akacheka kwa furaha. "Twende tuyang'oe matete na mizizi yake, tuyapande mabwawani."

Kesho yake Kavindu, aliyepelekewa habari na Kulthum, alifika na wanawake tisa na majembe. Walipanda siku nne, matope hadi magotini, wakiimba. Kila asubuhi Mwongeli alipima maji, na kila asubuhi alitangaza kwa sauti ya juu zaidi kwamba yanazidi kusafika.

Siku ya mwisho ya ile miezi miwili, afisa wa maji alichota chupa, akaitia dawa yake ya kupimia. Alipima tena, kisha akatoa kalamu.

"Fungueni."

Kulthum na Kavindu walikumbatiana, wakaanza kuruka-ruka kama wasichana. Jumatatu mashine zilinguruma, na kabla ya adhuhuri katoni za kwanza za vidonge zilikuwa njiani kwenda Thika.