Eti Mahira Amekupwa

"Nimekupwa wapi? Hebu nionyeshe! Nimekupwa miguu? Nimekupwa macho? Au nimekupwa haya, kama wewe?"

"Mama Mahira, jamani, mimi niliandika kwa nia njema."

"Nia njema gani hiyo ya kunizika na mimi bado nakunywa chai?"

Ilikuwa asubuhi mapema hapa Shella, Idah kasimama mlangoni kwake na mswaki mkononi, povu la dawa midomoni. Mahira yuko mlangoni kwake, leso mbili, moja kichwani na moja kiunoni, na ya kiunoni kaikaza fundo. Katikati yao ni kibaraza changu mimi, Nyevu, ninapouzia mbaazi na mahamri. Nyumba yangu imebanwa na zao, kwa hiyo ugomvi wao wowote lazima unipitie. Wateja wangu walikuwa saba na hakuna aliyekumbuka kutafuna.

Nieleze ugomvi ulivyoanza. Sisi wanawake wa mtaa tuna kikundi cha kupika harusi, na mpishi mkuu tangu hatujawa na jina wala kadi ya uanachama ni Mahira. Idah ni mtu wa bara, mumewe Phineas anafanya kazi hotelini Watamu na huja Jumapili hadi Jumapili. Idah alipohamia hapa mwaka juzi tukamwona anajua kuandika, tukamfanya katibu. Basi masika haya Mahira akashikwa na chikungunya, ile homa ya mbu inayokunja viungo. Alilala miezi miwili. Homa ilipoondoka ilimwachia maumivu ya vifundo vya mikono, hata kikombe anakishika kwa viganja viwili kama mtoto.

Sasa Mansur wa mtaa wetu anaoza binti yake Jumamosi, na kazi ya jikoni ametupa sisi. Idah akaandika kwenye simu, kwenye kundi letu, kwa Kizungu kirefu, kwamba nguvu za Mama Mahira ziko "low ebb", kwa hiyo harusi hii asipike. Awekewe kiti mbele, awe mgeni wa heshima. Sisi sote tukajibu kwa vile viganja vya dua. Hata mimi niliweka, na tena vitatu. Niliona tu jina la Mahira na maneno mengi, nikadhani anaombewa.

Aliyemfumbulia ni Stambuli, mtoto wa dadake, dereva wa tuktuk, ambaye hana siri duniani.

"Khalati ameniuliza maana," Stambuli alijitetea, hamri shavuni. "Nikamwambia ni maji kupwa. Kwani nimedanganya?"

"Hujadanganya," Idah akasema, akafuta povu. "Lakini ni msemo tu, Mama. Kizungu husema hivyo kwa kila kitu. Biashara ikilegea, mapenzi yakipoa, mtu akichoka. Si tusi."

"Mwanangu, umezaliwa wapi wewe?"

"Kwetu ni Vihiga."

"Kuna bahari huko?"

Watu wakacheka.

"Basi nikwambie. Hapa maji yakipwa, watu huteremka pwani na vikapu. Wa pweza anakwenda kwa pweza wake, wa chambo anachimba chambo. Sijapata kuona mtu akatandika jamvi la matanga kwa sababu maji yamekupwa. Unanisikia? Jumamosi nitakuwa kwa Mansur. Na hicho kiti chenu mkalieni wenyewe."

Akageuka kuingia ndani, na mlango ukamshinda. Komeo lilikuwa gumu, vidole vikakataa. Stambuli akainuka kumsaidia, akapigwa jicho, akaketi. Alilifungua kwa kiwiko.

Hapo ndipo nilipoingiwa na hofu. Mahira hana mume, wanawe wako Oman, na sijawahi kumwona na raha yoyote nje ya moto wa harusi. Ukimtoa jikoni unamtoa mtaani. Atabaki mtu wa kupelekewa sahani iliyofunikwa, aulizwe hali, watu waende zao.

Jumamosi tulikuwa uani kwa Mansur tangu alfajiri. Masufuria matatu makubwa ya pilau, kila moja juu ya mawe yake. Idah alikuja na daftari, kagawa kazi: Janet sufuria la kwanza, mimi la pili, yeye mwenyewe la tatu, na wengine viazi na kachumbari. Kusema kweli alipanga vizuri. Vitunguu vilipigwa rangi sawasawa, nyama ikaiva, bizari ikanukia hadi barabarani. Mchele wa Janet ukaingia wa kwanza, wetu ukawa bado unamwagwa maji ya kuoshea.

Saa nne na nusu Mahira akaingia, kajitanda buibui, kaongozana na Stambuli. Mke wa Mansur akamdaka mlangoni. "Karibu, bi mkubwa! Kiti chako kiko mbele, kina mto."

"Ahsante, mama. Mbuzi iko wapi?"

Akamaanisha mbuzi ya kukunia nazi. Akaivuta karibu na moto, akaikalia, akavua buibui. Hakusalimia jiko kama mgeni anavyosalimia. Alinusa tu. Kisha akauliza, taratibu kabisa:

"Chumvi katia nani?"

Nyie! Nilimtazama Janet, Janet akanitazama mimi. Hapa kwetu chumvi ya harusi ni ya mkono mmoja. Masufuria yawe mawili au kumi, anayetia chumvi ni mpishi mkuu peke yake, ili isije ikatiwa mara mbili. Mwingine hagusi hata punje. Miaka yote hiyo mkono ulikuwa wa Mahira, na sisi tumezoea kupita kando ya bakuli la chumvi kama tunavyopita kando ya viatu vya wageni. Asubuhi ile kila mtu alipita.

"Lakini si kila mtu anatia kwenye sufuria lake?" Idah akauliza. "Mimi nilingoja mniambie wakati."

"Hakuna aliyetia," nikasema.

Mahira akasimama. Akaenda kwa sufuria la Janet, akashika kifuniko. Kila mmoja wetu alijua kitakachotokea. Kifuniko kilinyanyuka kidogo, vifundo vikasalimu amri, bati likaanguka sakafuni kwa kishindo, likazunguka, likazunguka, hadi likatulia. Wanawake wa mbele wakachungulia. Mtu mmoja akasema "maskini," na sitamtaja.

"Maskini nani?" Mahira akageuka. Jasho lilikuwa linamtoka na machozi yalikuwa karibu, lakini kidevu kiko juu. "Mmeona? Haya, sasa mmeona wote, hamna haja ya kuandikiana. Mkono hauwezi kifuniko. Umeanguka mkono, mimi nimesimama. Idah!"

"Abee, Mama."

"Njoo hapa. Wewe una mikono. Shika mwiko. Nyevu, lete bakuli."

"Mama, samahani, mimi nilikuonea huruma tu."

"Huruma yako nimeiona. Geuza mchele wa Janet kutoka chini. Chini, si juu! Unabembeleza mtoto?"

Akachota chumvi kwa vidole vitatu, na vidole vikakubali. Kwangu akatia, kwa Idah akatia, akaonja mchuzi kiganjani, akaongeza kidogo. La Janet lilikuwa limeshakauka. Akaamuru chumvi iyeyushwe kwa maji ya moto, inyunyizwe, lifunikwe, lipaliwe makaa juu ya bati. Halikukaa sawa, nisiwadanganye. Huku chumvi, kule hamna.

"Hilo lipelekeni kwa wanaume," akasema, "na achari nyingi. Wao wakiona nyama wameridhika."

Na kweli, mzee mmoja tu alilalamika, na huyo hulalamika hata kwa asali.

Adhuhuri ikapita, masinia yakatoka, ngoma zikaanza mbele. Mke wa Mansur akarudi na kikuba cha asumini cha kumvalisha. "Bi Mahira, sasa kazi imekwisha. Njoo ukae, watu wanakuuliza."

"Waambie niko kazini. Wapishi hawajala."

Wapishi hula mwisho, sinia moja, pamoja na ukoko wa chini ya sufuria. Tukakaa chini, Janet, mimi na wengine, tukabanana. Nikamwona Idah nje ya mlango wa uani, mkoba begani, daftari kwapani, anatafuta viatu vyake kwenye lile rundo la mlangoni. Tangu ahamie amekuwa akiondoka chakula kikitoka, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza anakwenda kula wapi.

Mahira akasogea, akapiga mkeka kwa kiganja pale ubavuni kwake.

"Idah! Unakwenda wapi na njaa hiyo? Acha viatu, ingia ndani, nawa mikono uje ule na wapishi wenzako. Harakisha, Janet anamaliza ukoko."