Zamu ya Evans

Kila asubuhi Modesti alikuwa anawasha kompyuta kwanza, ndo afungue dirisha la kibanda, ndo afagie. Akimaliza kufagia, mashine bado inahangaika. Anakaa kwenye stuli, anavuta koti mpaka shingoni maana baridi ya Juni ya Sumbawanga haina adabu, anaangalia vitu vinavyokuja vyenyewe kwenye skrini kama watu wanaofika msibani, mmoja mmoja, hakuna mwenye haraka.

Inakuja programu ya printa. Inakuja ya skana. Inakuja redio, inaanza kuongea katikati ya sentensi. Matokeo ya mpira. WhatsApp. Mwisho kabisa, mchezo wa drafti.

Vyote hivyo aliviweka Evans. Steshenari waliifungua wawili, hapo hapo mtaa wa Milanzi. Modesti aliacha shule kidato cha pili. Evans alimaliza cha nne, ila cheti chake hapendi kukionyesha. Kompyuta alikuwa anaijua yeye. Alikuwa anasema mtu hawezi kufika kazini halafu aanze kuita vitu kimoja kimoja. Ukishaingiza neno la siri, kila kitu kije chenyewe kikukute umekaa.

Drafti sasa, hiyo ilikuwa yao hasa. Walikuwa wanacheza kete moja kwa siku. Leo Modesti, kesho Evans, kabla ya mteja wa kwanza. Na sheria ilikuwa kwamba siku ikiwa si yako, ubao huutazami. Evans alikuwa anaweza kuwaza kete moja kutwa nzima, anatoa kopi huku midomo inacheza kama mtu anayesali. Mchezo mmoja unakula mwezi na zaidi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu Modesti alicheza kete yake, akajiona ameshambana mwenzie kabisa. Kesho yake ikawa zamu ya Evans. Kesho hiyo hiyo Evans akapanda gari la alfajiri kwenda Kabwe, kule ziwani, akaangalie biashara ya samaki, migebuka. Alisema wiki mbili.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi drafti inakuja na maandishi yake juu: zamu ya mwekundu. Mwekundu ni Evans. Modesti anaishusha bila kuiangalia.

Ijumaa moja Mwalimu Rozina alikuja kuchapisha mtihani wa darasa la saba. Shule yake ndo ilikuwa inakishikilia kile kibanda. Ukiitoa, inabaki picha za pasipoti na watu wa kuuliza njia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Imeamka?"

"Inaamka."

"Modesti, mimi nimeamka saa kumi. Nimekoroga uji wa ulezi, nimeogesha watoto wawili, nimetembea toka kule juu na upepo huu. Hiyo mashine muda wote huo inafanya nini, inasali rozari?"

"Inapakia vitu."

"Mafungu yote matano?"

Modesti hakucheka. Redio ikaanza kuongea, akaizima. Karatasi zilipotoka, kengele ya shule ilikuwa imeshagongwa zamani. Mwalimu akazipanga, akazigonga mezani kunyoosha kingo, akamwangalia.

"Jumatatu nakuja saa moja kamili. Saa moja na dakika kumi nataka karatasi mkononi. Nikizikosa, kazi yote ya muhula nahamishia mjini. Sikutishi, nakwambia."

"Nimesikia."

"Na huyo Evans wako anarudi lini?"

"Anarudi."

"Sijauliza kama anarudi. Nimeuliza lini."

Modesti akajifanya anatafuta pini za kubania.

Jumamosi mchana akakaa na ile mashine. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa ameona tu mikono ya Evans. Control, Shift na Escape kwa pamoja. Likafunguka dirisha, akaingia sehemu ya Startup, na hao hapo wote kwenye orodha, wale wanaojiwasha wenyewe. Mbele ya kila mmoja pameandikwa mzigo wake, mkubwa, wa kati, mdogo. Akasogeza kishale kwenye redio. Hakubonyeza. Akachukua simu.

Evans alipokea mara ya tatu. Nyuma yake kulikuwa na injini ya boti na mtu anayetukana kwa furaha.

"Mshikaji. Nipe habari."

"Kompyuta nzito. Nazima vitu vyako."

"Vitu gani?"

"Vinavyojiwasha. Redio, mpira, vyote."

"Aa, zima tu bwana. Mi nilidhani umeshafanya siku nyingi."

"Sifuti," Modesti alisema. "Vinabaki mule ndani. Ila haviji mpaka uviite."

"Si ndo hivyo. Sikia, nimepata chumba huku, naingia na jamaa mmoja kwenye mtumbwi wa injini. Huku kuna joto, mzee, nimesahau hata sweta."

Modesti akaangalia ukutani. Sweta lenyewe lilikuwa linaning'inia pale pale kwenye msumari.

"Drafti bado ipo," alisema. "Ni zamu yako."

"Drafti ipi?"

Kule ziwani injini ikazimwa, ghafla sauti ya Evans ikawa karibu sana.

"Aah, ile. Duh. Mi nilikuwa nani, mweusi?"

"Mwekundu."

"Basi nichezee. Sogeza ya pembeni."

"Ya pembeni ipi?"

"Yoyote bwana, Mode. Wananiita huku, tutaongea."

Simu ikakatika. Modesti akakaa nayo mkononi. Huyu ndo mtu aliyewahi kuharibu kadi zote za harusi ya mteja kwa sababu alikuwa anawaza kete. Akarudi kwenye orodha. Redio, akabonyeza kulia, akachagua Disable, yaani zima. Mpira, Disable. WhatsApp. Skana. Printa. Ikabaki drafti peke yake, mzigo wake mdogo, hata isingemchelewesha mtu. Angeweza kuiacha. Akaizima nayo.

Jumatatu akaingia saa moja kasoro. Akawasha, akaingiza neno la siri, akageuka kuchukua ufagio. Aliposikia kimya akageuka tena. Skrini ilikuwa tayari, picha tupu ya bluu, hakuna kitu juu yake. Hakuwa amefagia hata hatua moja.

Mwalimu Rozina akaondoka na karatasi zake saa moja na dakika sita.

"Kumbe ilikuwa inaweza," alisema mlangoni. "Ulikuwa unasubiri nini miezi yote hiyo?"

Alipotoka, upepo ukapiga bati la kibanda, ukatulia. Kulikuwa na stuli mbili na mtu mmoja. Modesti akafagia sakafu ambayo haikuwa na uchafu. Halafu akakaa, akaitafuta drafti mwenyewe kwenye mafaili, akaifungua kwa mkono wake.

Zamu ya mwekundu.

Kulikuwa na kitufe cha kugeuza ubao, ambacho hakuwahi kukigusa maana kilikuwa cha Evans. Akakibonyeza. Kete nyekundu zikawa upande wake, na kwa mara ya kwanza akautazama mchezo kwa macho ya mwenzie.

Hakuwa amembana mtu. Kete yake ya mwisho, ile aliyotamba nayo, ilikuwa imeacha njia wazi. Nyekundu ya katikati ilikuwa na kula moja, mbili, tatu, inatua kule mwisho inakuwa kingi, yaani mfalme. Na drafti ya mtaani ukiona kula lazima ule, huna hiari. Asubuhi ile Evans angechelewa gari kwa dakika moja tu, angemmaliza, angecheka mpaka muuza chapati wa jirani aje kuuliza kuna nini.

Modesti akamchezea. Akaruka tatu, akaziangalia kete zake zinatoka ubaoni moja baada ya nyingine. Akabaki na mbili ambazo haziendi popote.

Akachukua simu, akamwandikia Evans WhatsApp: Umeshinda.

Ikatokea tiki moja, ujumbe haujamfikia. Akaiweka simu mezani, kioo juu, akafungua dirisha la wateja.