Chumvi ya Shimo la Otosawa

Pakiti ilikuwa ya kijani, yenye picha ya msitu. Siku hizi Kampuni inapenda sana picha za misitu. Zamani ilipenda makaa ya mawe, na kwa ajili hiyo iliikata misonobari yote ya Otosawa ikaifanya nguzo za mgodi. Sasa makaa hayana soko. Maji yaliyojaa shimoni yanavutwa kwa pampu, yanakaushwa, yanatiwa manukato ya msonobari na kuuzwa kama chumvi ya kuogea. Tuliza mwili, sahau yote, ndivyo ilivyoandikwa.

"Sahau!" Umeno aliishika pakiti kwa ncha za vidole kama samaki aliyeoza. "Tsuyako, shoga yangu, unajua hiki ni nini? Mchuzi wa mumeo huu. Na wangu yumo humo humo, kama kiungo."

"Hebu koma. Mkwe wangu yuko jikoni, anasikia."

"Asikie! Si ndiye muuzaji?"

Mihoko alitoka na chai. "Shangazi Umeno, mimi napanga pakiti kwenye rafu tu. Mgodi sikuuchimba mimi."

"Na huo ulimi umeupata wapi?"

"Kwa majirani."

Umeno alicheka mpaka akapaliwa. Lakini alipokuwa mlangoni anavaa viatu vyake vya theluji, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kesho watakupa kipaza sauti. Ukiwaambia watu maji haya ni mazuri, mimi na wewe basi."

Kesho Kampuni ilikuwa inafungua nyumba kubwa ya kuogea pale pale kwenye mdomo wa mgodi, na ilitaka mjane mmoja atoe neno la shukrani. Ilimchagua Tsuyako kwa sababu ni mpole. Mihoko naye alikuwa ameahidiwa ajira ya kudumu, na kazi nyingine Otosawa haipo. Mumewe, mtoto wa pekee wa Tsuyako, yuko mbali anajenga barabara huko Sapporo.

Upole huo una historia yake. Moto ulipolipuka shimoni, Kampuni iliufungulia mto uingie ndani ili kuokoa makaa. Wanaume walikuwa bado wamo. Bwana mmoja mwenye koti zuri alisimama mbele ya wake zao kwenye theluji, akasema: huko chini hakuna anayepumua tena, gesi imewamaliza wote, maji yatakuta maiti tu. Tsuyako, bibi harusi mwenye mimba changa, aliyekuwa hajamaliza hata kuzoea jiko la wakwe, aliinamisha kichwa akakubali. Miili haikutolewa. Tangu siku hiyo amebaki na swali moja tu. Je, walikuwa wamekufa kweli? Kama ndiyo, kesho angeweza kushukuru bila kusema uongo, na Mihoko akapata kazi yake. Kama siyo, je?

"Mama, maji tayari," Mihoko aliita. "Leo unaanza wewe."

"Mimi? Tangu niolewe humu sijawahi kuingia wa kwanza, huanza wanaume."

"Basi leo onja ubwana mkubwa. Uone ulivyokuwa unapunjwa."

Jua lilikuwa linatua nyuma ya kilima cha taka za mgodi. Tsuyako alikaa kwenye kigoda, akajisugua, akajisuuza, kisha akaondoa kifuniko cha hodhi. Maji, yaliyokwisha kutiwa ile chumvi, yalikuwa ya kijani kama majani mabichi ya chai. Akazama mpaka kidevuni. Magoti yalilegea, mgongo ukaacha kulalamika. Raha ilikuwa raha kweli, na hilo ndilo lililomuudhi.

Halafu, chini ya harufu ya msonobari, ikaja harufu nyingine. Kamba mbichi. Moshi wa baruti. Jasho. Ilikuwa harufu ya mumewe Kan'ichi akirudi kutoka zamu, vumbi la nguzo likiwa limemkwama nyweleni.

"Mama, joto linatosha?" Kivuli cha Mihoko kilisimama nyuma ya mlango wa kioo. "Hita imegoma. Nikajaza maji baridi, halafu nikachemsha masufuria nikamimina juu."

Tsuyako aliinua kichwa. "Umesema umeanza na nini?"

"Baridi. Kwani vipi?"

Msichana wa ghorofani huyo, amekua akibonyeza kitufe cha maji moto. Nani angemwambia? Maji ya mtu aliye hai huanza na ya moto, ya baridi yakafuata kuyapoza. Kuanza na ya baridi na kumalizia na ya moto hufanywa siku moja tu, kwa mtu mmoja tu: aliyelazwa chali, watu wake wamemzunguka, anaoshwa kabla ya jeneza. Kan'ichi hakuoshwa. Hakuna hata mmoja wao aliyeoshwa.

"Mama?"

"Hakuna neno. Kaa hapo hapo, usiingie."

Hodhi lilikuwa limekuwa dogo. Kuna kitu kiliyagusa magoti yake, kipana, cha baridi. Aliweka kiganja juu yake, akajua. Chini ya bega la kushoto palikuwa na kovu gumu, la jiwe lililomwangukia Kan'ichi mwaka wa harusi. Maji hayakuwa ya kijani tena. Yalikuwa meusi, hata mkono wake mwenyewe hakuuona.

Hakupiga kelele. Alichukua kitambaa akaanza kumsugua mgongo, taratibu, kuanzia shingoni kushuka chini, kama alivyokuwa akifanya. Nyuma ya mgongo huo, mahali ambapo pangepaswa kuwa na ukuta, watu walikuwa wanakohoa. Wengi, lakini kwa adabu, kama wanaume walio kwenye foleni.

"Kan'ichi," alinong'ona, "maji yalipoingia ulikuwa umeshakufa?"

Kisha mkono ukapanda kutoka chini ukajilaza juu ya kiganja chake, umefunguliwa, kama wa mtoto anayetaka kukatwa kucha. Tsuyako alisugua kidole gumba, akasugua cha shahada, akasita. Akarudia kwa ncha ya kidole chake, polepole. Kucha hazikuwepo. Vidole vyote vilikuwa vimelika hadi mfupani.

Maiti haichimbi ukuta.

Alitoka kwenye hodhi, akajifunga taulo, akafungua mlango. Mihoko alirudi nyuma alipouona uso wake.

"Walikuwa hai," Tsuyako alisema. "Nitalisema kesho, kwenye kipaza sauti chao."

"Mama, usinifanyie hivyo. Kazi yangu je? Hayo mambo ya kale nani anayajua sasa? Umekaa sana kwenye maji ya moto, kichwa kimekuzunguka."

"Kichwa changu hakikuzunguka."

"Basi yamekwisha. Haya machumvi nayamwaga, na Shangazi Umeno simruhusu tena humu ndani." Akampita kwa hasira, akapandisha mkono wa sweta, akauzamisha mkono mzima kutafuta kizibo. Maji yalikuwa ya kijani, safi, sakafu ya hodhi inaonekana.

Akasimama hivyo, ameinama. Mkono haukutoka majini.

"Mama."

"Enhe."

"Kuna mtu amenishika."

Tsuyako alipiga magoti kando yake, akamwekea kitambaa kwenye mkono ule mwingine.

"Usimvute, mwanangu, vidole vinamuuma. Anza na mgongo."