Robo ya Mtoto wa Pili

Mshonaji alikosa swali lilelile kwa mara ya tatu, na mtihani wa jenetiki ulikuwa Jumatatu. Baba na mama wote wamebeba selimundu bila kuumwa. Mtoto wao wa kwanza anaugua. Je, uwezekano wa mtoto wa pili kuugua ni upi? Yeye aliandika: hakuna.

Mwenzake wa masomo ya jioni, mchomelea vyuma waliyemwita Cheche, alijikuna kichwa. Walikuwa wamewahi darasani wafanye maswali, maana mwalimu alishawaonya kwamba jenetiki haikaririwi, inakokotolewa. Cheche akamtania kuwa maswali ya inzi na njegere anayanywa kama maji, ila hili moja ana ugomvi nalo wa ukoo.

Mshonaji akajitetea. Katika watoto wanne mmoja huugua, si ndivyo? Basi yule wa kwanza amekwisha kubeba fungu la wote.

"Dada yangu, tumboni hakuna zamu," Cheche akasema. "Kila mimba inaanza upya. Robo, kisha robo, kisha robo tena. Aliyetangulia hamkingi mdogo wake."

Mshonaji akainama. Binti yake alikuwa kwa bibi yake, viungo vikimuuma tangu asubuhi. Ni kwa ajili yake alikuwa akiacha cherehani kila jioni aje kusoma. Na kila alfajiri, magoti yakiwa sakafuni, alimshukuru Mungu kwamba mateso yale yameishia kwa mmoja. Shukrani hiyo ndiyo iliyompa moyo. Kumbe alishukuru kabla ya kupewa.

Akajaribu kuomba palepale, kimoyomoyo. Maneno hayakuja. Akafuta jibu lake, akaandika: robo. Aliiandika kama mtu anayetia dole gumba kwenye hukumu yake mwenyewe.

"Haya, hapo umefaulu," Cheche akasema, akaweka alama ya vema.

"Na kama mimba imeshatunga?"

"Jibu ni lilelile. Ila hapo limeshaamuliwa, kilichobaki ni kuona tu."

Aliyasema hayo huku akitafuta swali linalofuata. Alipoinua macho, akauona mkono wa mshonaji umetulia tumboni, chini ya mtandio. Akakifunga kitabu taratibu.

"Miezi mingapi?" akauliza.

"Mitatu."

Wenzao wakaanza kuingia, wakivuta viti na kusalimiana. Cheche hakujua aseme hongera au pole.