Saa ya Mwisho ya Khozema

…basi angoje tena, lakini angoje mpaka lini, Khozema alijiuliza, macho hayabanduki kwenye saa ya dhahabu iliyolala kiganjani mwa Fanueli, mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza, aliyeingia akaamkia shikamoo kwa adabu zote, akanywa chai yake, na sasa anaipimapima saa kama anayepima chungwa, huku akisema kitu juu ya saa za betri za Dubai, kwamba tangu watu waruhusiwe kuleta bidhaa kila kijana wa Ngamiani anayo mkononi, nani atahangaika na saa ya kutia ufunguo, na kweli, angeuza mapema, lakini mapema lini, mwaka ule wa msako, askari walipokuwa wakisaka wahujumu uchumi nyumba kwa nyumba, nani angethubutu kununua, saa yenyewe ilikuwa imezama ndani ya debe la samli, Nasim mkewe ndiye aliyeizamisha, mkono mpaka kiwikoni, anacheka, kile kicheko cha kukatika pumzi ambacho Khozema alidhani ni furaha tupu, kumbe moyo wake ulikwishaanza kuchoka… “Mzee, unanisikia?” Fanueli anauliza …anasikia, hata daktari alimsikia aliposema Nasim apelekwe Bombay akapasuliwe moyo, masika yasimkute hapa, naye akaitikia, akarudi nyumbani akajiambia baada ya masika bei itapanda, kama alivyojiambia kwa saa zile nyingine zilizojaa kasha lake zamani, ile ya fedha nyumba ya juu ilipotaifishwa, ile ya mnyororo binti yao Mehreen alipoolewa, zote aliziuza kwa kuchelewa, kwa bei ya kutupa, na hii ya mwisho akaapa haitamtoka mpaka aje mtu anayejua saa, atakayeiweka sikioni kwanza, na Fanueli hajaiweka sikioni, anaigeuza tu, anaangalia dhahabu… chumbani Nasim alikohoa, kikohozi kile kifupi, akanyamaza, Khozema akategea kingine, hakikuja, na katika ukimya ule akawa anapiga hesabu, akingoja Ramadhani ipite, akingoja na masika yaishe, huenda wakati huo hata haja ya kuuza itakuwa haipo tena… haja haipo kwa nini, Khozema, kwa nini haitakuwepo… na ndipo alipojiona, bila kutaka, ameketi peke yake barazani, nyumba kimya, chumba cha Nasim kitupu, saa sikioni inagonga vizuri, hana wa kumuuliza, wala picha ile haikumtisha, hilo ndilo lililomtisha, tangu lini amekuwa akingoja hivi akisema anangoja bei… “Baba Mehreen,” sauti ya Nasim ikatoka chumbani, nyembamba, “usiuze kwa ajili yangu,” na kabla hajapata hata huzuni Khozema akahisi kifua kinapoa, kama mtu aliyetuliwa mzigo, akajichukia kwa ubaridi ule lakini haukuondoka, akataka kumjibu mkewe, lakini Fanueli akashusha sauti kwa heshima, akauliza, “Nichukue leo, mzee, au nirudi siku nyingine?” saa bado kiganjani mwake, kiganja bado wazi, na Khozema akafungua kinywa, hakuogopa tena kuuza wala kutouza, aliogopa kusikia atakalosema.