Azimio la Kumkasirisha Raphael

Kule milimani juu ya Matombo, hasira za Raphael zilikuwa mali ya kijiji. Greda la barabara likichelewa, mkandarasi anapigiwa simu, anapewa Raphael amfokee. Nyani wakivamia migomba, anasimamishwa Raphael shambani awafukuze kwa kelele. Sasa mtu huyo karudi kutoka Dar, alikokuwa akitunza bustani ya hekalu la Wabudha, eti ameacha hasira!

Mtawa wa pale alimuuliza anataka nini maishani. Raphael akataja bati, pikipiki, na mkewe Yustina, aliyehamia kwa dada yake Kisaki kwa kuchoka kufokewa. "Ukivipata vyote na mdomo huo, utavifokea vyote," mtawa akasema. "Lengo la kwanza liwe kuuzima huo moto." Padre alishamwambia yaleyale miaka ishirini, lakini padre hakuvaa shuka la rangi ya chungwa. Yustina naye alipoombwa arudi akajibu kwa simu: siku arobaini bila kufoka, nitakuja.

Siku ya arobaini mwenyekiti Gabrieli akaingia uani na wajumbe saba, mkononi muhtasari wenye mhuri.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

"Mkutano umeazimia ukasirike. Mara moja tu. Barabara imekatika, ndizi zinaoza, na mkandarasi hasikii maneno ya kistaarabu."

"Nimeacha, mwanangu."

"Tulijua utakataa," Gabrieli akasema, akawapa wenzake ishara. Mjumbe mmoja akazitukana ndizi zake. Wa pili akamcheka upara. Katibu akakata mkungu mchanga huku akiomba radhi. Raphael akawakaribisha chai. Moyoni alikuwa anatokota kama maharage, lakini alimtaka Yustina kuliko mkungu.

Gabrieli akampigia mkandarasi, akamsogezea Raphael simu.

"Habari za watoto, ndugu yangu?" Raphael akauliza.

Wajumbe wakashika vichwa.

Hapo akatokea Yustina, matope hadi kiunoni, kiatu kimoja mkononi. Bodaboda ilikuwa imemwangusha kwenye barabara hiyohiyo. Akainyakua simu. "We kichwa cha panya! We gunia la pumba! Afadhali mama yako angezaa mchi, tungetwangia!" Akaendelea bila kupumua, mpaka mkandarasi akawa anaitikia ndiyo mama, greda linakuja leo, mama.

Wajumbe wakashangilia. Gabrieli akaanza kuandika azimio jipya.

Raphael peke yake hakushangilia. Matusi yale yote aliyatunga yeye. La panya lilikuwa la siku ugali ulipoungua. La mchi alimpa Yustina siku mimba yao ilipoharibika.

"Umeyakumbuka yote," akasema.

"Ningeyasahau vipi?"

Raphael akalia mbele ya wajumbe, bila aibu. "Nisamehe, mke wangu."

Yustina akamtazama sana. "Siku arobaini zimetimia. Nikae au nirudi Kisaki?"

Raphael alikuwa amelisubiri swali hilo siku zote arobaini, na jibu lake alikuwa nalo tayari. Lakini sasa alitaka kitu kimoja tu, Yustina apone, hata kama atapona akiwa mbali naye.

"Utakakopata amani," akasema, "kaa huko."